Modeli ya Kifaru ya Rezini Inapokusumbua: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Kasoro nyingi za modeli ya rezini ya kifaru cha kivita hujitokeza siku za mwisho, wakati kila kitu kimeshagundishwa na rangi imeshapakwa, lakini chanzo chake karibu kila mara kilikuwemo sandukuni tangu mwanzo. Rangi inayobanduka ilianza na mafuta ya kalibu ambayo hayakuoshwa, na mnyororo wa magurudumu unaoelea hewani ulianza na bodi iliyopinda kabla hujaigusa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili jinsi mjenzi anavyokutana nayo, kisha unarudi nyuma hadi pale tatizo lilipozaliwa, kwa kuwa anayeifunika dalili kwa puti bila kugusa chanzo hujikuta akiifanya kazi hiyo hiyo upya.

Mfano nitakaoutumia ni T-35, kifaru kizito cha Muungano wa Kisovieti cha miaka ya 1930 chenye minara mitano, katika kipimo cha 1/35. Nimekichagua kwa sababu kinakusanya karibu taabu zote za rezini mahali pamoja: bodi ndefu, safu za ribiti, vibamba vyembamba vya ubavuni, magurudumu mengi madogo, na mitutu mitatu ya mizinga ukiachilia mbali bunduki za rashasha. Anayejenga kifaru kingine atayakuta mambo yale yale, pengine kwa uchache zaidi.

Ni vizuri kuielewa kwanza rezini yenyewe. Vipande hivi kwa kawaida ni vya poliyurethani, yaani vimiminika viwili vilivyochanganywa kwa uwiano maalumu na kumiminwa ndani ya kalibu ya silikoni, vikagandia humo. Kalibu huwa imepakwa mafuta ili kipande kising'ang'anie, hewa huweza kunaswa humo, na kipande husinyaa kidogo kinapoganda. Mambo hayo matatu ndiyo mzizi wa karibu kila kitu kinachofuata.

Vipande havikutani

Unaweka sehemu ya juu ya bodi juu ya sehemu ya chini, na pengo linabaki. Usikimbilie puti. Pengo la namna hii lina vyanzo vitatu ambavyo kwa haraka vinafanana, ila tiba zake ni tofauti kabisa: mabaki ya kibonge cha kumiminia (donge la rezini linalobaki pale ilipomiminwa), kupinda, na kusinyaa. Njia rahisi ya kuvitofautisha ni kuliangalia pengo lenyewe dhidi ya mwanga. Likiwa na upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, shuku mabaki ya kibonge. Likianza jembamba na kutanuka upande mmoja, au likifunga kona moja unapobonyeza huku kona ya pili ikifunguka, bodi imepinda. Kingo zikikutana vizuri lakini kipande kimoja kikazidi kingine mwishoni, kuna kilichosinyaa kuliko mwenzake.

Mabaki ya kibonge hayasumbui sana. Kata kibonge kwa msumeno wa meno madogo, ukiacha kiasi cha milimita moja, kisha sugua uso wote juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo tambarare. Usisugue kwa kushika msasa mkononi, kwa sababu vidole huzungusha kingo bila wewe kujua na hapo unajitengenezea pengo jingine. Sugua kwa maji na uvae barakoa. Vumbi la rezini ni laini mno na lina madhara kwenye mapafu, na maji hulishika kabla halijaruka.

Kupinda ndiko kunakohitaji subira. Weka kipande kwenye kioo na utazame chini yake usawa wa macho: utaona mstari wa mwanga pale kinaponyanyuka. Poliyurethani hulegea kwenye joto, kwa hiyo kitumbukize kwenye maji ya moto yaliyotoka kuchemka na kupoa kidogo, mpaka ukihisi kinatii vidole. Kitoe, kilaze juu ya kioo, kibane kwa uzito usiokitia alama, kisha kipoze kwa maji baridi kikiwa bado kimebanwa. Kibamba chembamba hunyooka mara moja. Bodi ndefu ya T-35 hainyooki kwa urahisi hivyo, kwa sababu kuta zake ni nene na joto halifiki katikati kwa wakati mmoja, na zaidi ya hapo rezini ina tabia ya kurudi pole pole kwenye umbo lake la awali.

Kwa sababu hiyo bodi iliyonyooshwa haina budi kufungwa kwa ndani. Gundisha vizuizi vya shiti nene ya plastiki kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, pamoja na fito za shaba ya njano kwa urefu wa bodi, ikiwa bado imebanwa kwenye kioo, na uiache hivyo usiku kucha. Wapo wanaoinyoosha bodi kwa nguvu ya gundi peke yake, wakibana sehemu mbili kwa mipira na vibanio mpaka zikutane. Njia hiyo siikubali hata kidogo. Nguvu ile haiondoki, inakaa ndani ya kiungo, na siku moja, mara nyingi baada ya rangi kukauka, mshono unapasuka.

Kuhusu kusinyaa, chukua kalipa ya kupimia na ufanye hesabu. T-35 ilikuwa na urefu wa takriban mita 9.72 na upana wa mita 3.2. Ukigawanya kwa 35 unapata milimita 277.7 na milimita 91.4. Bodi yenye milimita 275 imepungua kwa asilimia moja hivi, na hakuna jicho litakaloona hilo rafuni. Tatizo si upungufu wa jumla. Tatizo ni pale bodi iliposinyaa kwa kiasi kimoja na vibamba vya ubavuni vikasinyaa kwa kiasi kingine, jambo linalotokea hasa pale kipande kilipotokana na kalibu iliyochukuliwa kutoka kwenye nakala badala ya umbo la asili, maana kila kizazi cha nakala kinapungua tena. Hapo usihangaike kurefusha bodi ifikie kipimo cha kifaru halisi. Hangaika kuvioanisha vipande: punguza kilichozidi kwenye ncha isiyoonekana, na uhakikishe kwamba mistari inayotazamwa, kama vile mikato ya vibamba na matundu yaliyo mbele ya magurudumu, inalingana kushoto na kulia.

Usigundishe chochote mpaka bodi, vibamba, minara na magurudumu yote yamejaribiwa pamoja bila gundi, yakishikiliwa kwa utepe. Maelekezo yanayokuja na modeli za rezini mara nyingi ni karatasi moja yenye picha, na vipande havina namba. Kwa T-35 jambo la kwanza la kuthibitisha ni minara. Miwili yenye mizinga ya milimita 45 imekaa kwa mshazari, mmoja mbele kulia na mwingine nyuma kushoto, na ile midogo ya rashasha inashika kona mbili zilizobaki. Vifaru vichache vya mwisho vilikuwa na minara yenye umbo la pia badala ya mcheduara.

Vishimo, na ribiti zisizokuwepo

Vishimo vidogo ni viputo vya hewa iliyonaswa wakati wa kumimina. Vinavyoonekana si tatizo kubwa. Vinavyosumbua ni vile vilivyojificha chini ya ngozi nyembamba ya rezini, ambavyo huporomoka ukipiga msasa au, vibaya zaidi, ukibonyeza modeli iliyokwisha kupakwa rangi. Mulika uso kwa tochi kutoka ubavuni. Mahali penye doa la mviringo lililo jeupe kidogo kuliko jirani yake, bonyeza kwa ncha ya sindano. Sindano ikizama, fungua kishimo chote mpaka ufike kwenye rezini imara, hata kama kinakuwa kikubwa kuliko ulivyotaka, kwa kuwa puti iliyokaa juu ya ngozi tupu haina pa kushika.

Kwa kujazia, supaglu iliyochanganywa na poda ya talki ni bora kuliko puti ya kawaida. Tengeneza uji mzito kidogo kwenye kipande cha plastiki, uujaze kwa ncha ya kijiti, kisha upige msasa mara tu ukishaganda, bila kusubiri kesho. Hapa pana sababu inayofaa kukumbukwa: supaglu tupu ikiachwa muda mrefu huwa ngumu kuliko rezini inayoizunguka, na msasa utaila rezini kwanza na kuacha kinundu cha gundi kikiwa kimesimama katikati ya bonde. Talki hupunguza ugumu huo. Kishimo kikubwa kizibe kwa kukitoboa kiwe duara safi na kukisukumia kijiti cha plastiki chenye kipenyo hichohicho, halafu ukate na kusawazisha.

Ribiti zilizopotea zina chanzo kilekile. Katika kalibu kila kichwa cha ribiti ni kishimo kidogo, na hewa ikibaki humo rezini haifiki, kwa hiyo pale palipostahili kuwa na kichwa unakuta uso mtupu au kikovu. Safisha kikovu kwanza. Kisha kata vichwa vya ribiti kwa wembe mpya kutoka sehemu ambayo haitaonekana, kwa mfano upande wa ndani wa kibamba, na uvihamishe mmoja mmoja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Iwapo safu nzima ni mbovu, ni afadhali kuikwangua yote na kuiweka upya, kwa sababu jicho husamehe ribiti ndogo kuliko kiasi lakini halisamehi safu yenye ribiti za saizi mbili.

Viungo vinaachia

Kipande kinaachia kwa kuguswa tu, na alama ya gundi inabaki ikiwa laini na inayong'aa kama kioo. Mng'ao huo unakuambia kwamba gundi haikushika kitu. Kwanza hakikisha hukutumia gundi ya modeli za plastiki, ambayo hufanya kazi kwa kuyeyusha polistireni na haina athari yoyote kwa poliyurethani. Rezini inahitaji supaglu au epoksi ya sehemu mbili. Kama gundi ilikuwa sahihi, basi uso ulikuwa na mafuta ya kalibu, na tiba yake ninaieleza katika sehemu ya rangi hapa chini.

Kiungo kikivunjika na uso wake ukawa mkavu, uliochanika chanika, gundi ilishika ila ilizidiwa nguvu. Supaglu huvumilia kuvutwa lakini haipendi kugongwa wala kupindwa, na bodi ya rezini ni nzito. Kwa kila kipande kinachobeba uzito, kama mikono ya magurudumu (vipande vinavyoyaunganisha na bodi), toboa pande zote mbili kwa keekee ya mkono na uingize pini ya waya wa shaba ya njano wenye unene wa milimita 0.8 hivi. Viungo virefu vya bodi vitie epoksi, ambayo pia inakupa dakika kadhaa za kusogeza mpaka kila kitu kikae sawa. Ukungu mweupe unaotokea kandokando ya kiungo ni mvuke wa supaglu ulioganda juu ya uso. Punguza gundi, acha hewa ipite, na ukungu uliokwishatokea utafunikwa na praima, yaani rangi ya msingi.

Rangi inabanduka au haikauki

Hii ndiyo dalili inayovunja moyo kuliko zote, nayo ndiyo rahisi kuliko zote kuizuia. Osha vipande vyote kabla ya kazi yoyote, kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, ukiingia kwenye kila pembe na nyuma ya kila ribiti, kisha suuza na uache vikauke kabisa. Tone la maji ni kipimo kizuri. Likikusanyika na kusimama kama ushanga, mafuta bado yapo, na likitandaa, uso umesafika. Baada ya kukata na kupiga msasa futa tena kwa spiriti ya isopropili, kwa kuwa vidole vyako navyo vina mafuta. Halafu puliza praima chini ya bodi peke yake, iache ikauke siku nzima, bandika utepe na uuvute kwa nguvu. Praima ikibaki mahali pake unaweza kuendelea na modeli nzima kwa amani.

Kama umechelewa na rangi imeshabanduka, usirekebishe kiraka. Mafuta yaliyobandua hapa yapo na pale ambapo bado hapajabanduka. Rangi nyingi za akriliki hulegea kwenye spiriti ya isopropili na kutoka kwa mswaki, na hapo unaosha na kuanza upya. Asetoni iache kabisa, maana inayeyusha viungo vya supaglu na sehemu zozote za plastiki ulizoongeza.

Rangi inayobaki ikinata mahali pamoja tu ni habari nyingine. Bonyeza hapo kwa ukucha kwenye upande usio na rangi: ukiacha alama, rezini yenyewe haikuganda kwa sababu vimiminika viwili havikuchanganyika sawasawa, na kusubiri hakutaisaidia. Doa dogo likwangue mpaka ufike kwenye rezini ngumu na ujaze. Kipande chote kikiwa laini, omba kingine kwa mtengenezaji, au chukua kilicho sawa nacho, utengeneze kalibu ndogo ya silikoni na ujimiminie mwenyewe kwa matumizi ya modeli hiyo. Hii inafaa hasa kwa magurudumu. T-35 ina manane kila upande, na likiharibika moja unayo mengine ya kunakili. Zaidi ya hayo, vibamba vya ubavuni hufunika sehemu ya juu ya magurudumu, kwa hiyo lenye kasoro likigeuzwa, kasoro ikae juu, hakuna atakayeiona.

Kifaru kinayumba na minyororo inaelea

Weka kifaru kwenye kioo kabla ya kuvisha minyororo na upitishe ukanda wa karatasi chini ya kila gurudumu. Pale karatasi inapopita bila kuguswa, gurudumu liko juu. Angalia kwanza kama bodi yenyewe imenyooka, kwani ikiwa imepinda, kurekebisha gurudumu mojamoja ni kazi isiyo na mwisho. Bodi ikiwa sawa, chanzo ni mikono ya magurudumu iliyokaa kwa pembe tofauti au matundu ya ekseli yasiyokuwa katikati. Njia ninayoiamini ni kutogundisha mikono kwanza: iingize kwenye pini zake, shusha bodi juu ya vipande viwili vya mbao vinavyoipa kimo sahihi, acha kila gurudumu liguse kioo lenyewe, na ndipo utie gundi kwa ncha ya sindano kila mahali.

Minyororo ya rezini ni migumu na huvunjika pale inapozunguka gurudumu la mwisho. Ipashe moto kwa draya ya nywele au maji ya moto na uizungushe ikiwa imelegea, kidogo kidogo, kila mara ukiipoza kabla ya hatua inayofuata. Kama meno ya gurudumu la kuendeshea, ambalo kwa T-35 liko nyuma, hayaingii kwenye matundu ya mnyororo, ni kwa sababu vimesinyaa kwa viwango tofauti. Usipanue matundu yote. Kata meno yatakayofunikwa na mnyororo, uache yale yanayoonekana wazi peke yake. Mnyororo wa juu nao umefichwa na vibamba, hivyo unaweza kuukatisha humo ndani mahali popote panapokufaa. Minyororo ya chuma ya vipande mojamoja inaning'inia kwa uzito wake kama ile halisi na ni uboreshaji mkubwa, lakini ipime dhidi ya meno kabla ya kuinunua, kisha ufikirie uzito inaoongeza.

Mnara ulioinama upande mmoja mara nyingi una mabaki ya kibonge chini yake. Usugue kwenye kioo kwa mzunguko wa namba nane mpaka ukae wima. Kwa minara mitano iliyo karibu hivi, sumaku ndogo badala ya gundi zitakuruhusu kuitoa wakati wa kupaka rangi.

Kimekamilika lakini hakina uhai

Modeli inaweza kuwa safi na bado ikaonekana kama sanamu. Anza na mitutu. Mtutu wa rezini hupinda na mshono wa kalibu huufanya uwe wa yai, na kuupiga msasa huondoa mviringo zaidi. Tundu la mzinga wa milimita 45 katika kipimo hiki ni milimita 1.3, na la milimita 76.2 ni milimita 2.2. Ukiona tundu la rezini halina hata kina, badilisha mtutu kwa ule wa chuma uliochongwa kwa mashine, au utengeneze kwa bomba la shaba lenye kipenyo hicho.

Vishikio vilivyomiminwa pamoja na bodi huwa vimejaa rezini chini yake. Vikate, uweke waya wa milimita 0.4, na kivuli chake peke yake kitabadilisha upande mzima wa kifaru. Mishono ya kuchomelea iliyofifia irudishie kwa uzi mwembamba wa puti ya epoksi uliolazwa kwenye mstari, kisha ubonyezwe kwa ncha ya kisu, alama kwa alama, kabla haijaganda. Vibati vya shaba vilivyochongwa kwa kemikali ambavyo vinakataa kupinda vipashe kwenye mwali mpaka viwe vyekundu na uviache vipoe, navyo vitatii. Linganisha kila hatua na picha za T-35 pekee iliyosalia, ile iliyoko Kubinka nchini Urusi, ila kumbuka kwamba kifaru cha makumbusho kimepitia matengenezo na rangi nyingi. Picha za wakati wa huduma yake ndizo zenye neno la mwisho.

Kimelegea baada ya miezi

Dalili ya mwisho hutokea modeli ikiwa tayari rafuni: magurudumu yanatawanyika kwa nje, au bodi inashuka katikati. Rezini iliyobeba uzito mfululizo hujikunja pole pole, na joto la dirishani huharakisha jambo hilo. Chanzo ni kwamba uzito wote unapita kwenye mikono ya magurudumu. Uhamishe. Gundisha nati ndani ya sakafu ya bodi kabla hujaifunga, toboa kibao cha kuonyeshea, na uweke kati yake na tumbo la kifaru vipande viwili vya mbao vilivyopakwa rangi nyeusi, vyenye kimo kinacholingana kabisa na nafasi iliyopo, kisha kaza skrubu kutoka chini mpaka magurudumu yaguse kibao bila kukibonyeza.